Kiti cha Verlon Tackett

Verlon Ray Tackett, tunayemlaza leo juu ya kilima hiki, alizaliwa tarehe 9 Februari 1948 katika bonde la Caney, Kaunti ya Floyd, Kentucky. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Arvil na marehemu Clova Tackett. Theluji ilikuwa imeziba njia, na mkunga alifika akiwa amepanda nyumbu. Bibi Clova alisimulia kwamba mjomba mmoja alikuwa jikoni akipiga banjo ili asisikie dada yake akilia kwa uchungu, na kwamba mtoto alipotoka aliacha kulia akageuza kichwa kuelekea mlangoni. Bibi alikuwa na mkono mwepesi wa kutia chumvi. Lakini sote tuliomjua Verlon tumekiona kichwa hicho kikigeuka.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja hapo Caney, kisha sekondari, ambako aliishia darasa la kumi mwaka 1964 baba yake alipovunjika mguu mgodini. Mwenyewe hakulalamika. Alisema alichokumbuka zaidi ni mwalimu mmoja aliyewaruhusu kusikiliza redio wakati wa chakula siku za mvua.

Mwaka 1966 aliingia mgodini, akafanya kazi humo hadi 1996. Kazi yake ilikuwa kutoboa mwamba wa juu na kuukaza kwa boliti ndefu ili usiwaangukie wenzake. Kelele za mashine zilimchukua sikio la kushoto, na vumbi likaanza taratibu na mapafu. Ndiyo sababu kwenye matamasha alikaa siku zote upande wa kushoto, sikio zima likiwaelekea wapigaji.

Hapa lazima tuseme alichokipenda, kwa maana bila hicho wasifu huu ungekuwa wa mtu mwingine. Verlon hakujua kupiga chombo chochote. Hakuimba hata bafuni. Alipenda kusikiliza muziki wa bluegrass, ule wa milimani kwetu wa banjo na fidla, na zaidi ya kusikiliza alipenda kugundua. Bendi zenye majina makubwa aliziachia wengine. Yeye alikiweka kiti chake cha kukunja mbele ya jukwaa asubuhi, kisha akaenda kuzunguka uwanja wa magari, akichungulia chini ya maturubai, mpaka akute watu wasiojulikana wakipiga kwa ajili yao wenyewe. Akiwapata alivua kofia na kusimama. Hakuondoka kabla hajajua mambo matatu: wanaitwa nani, wanatoka kijito gani, maana milimani kwetu kijito ndiyo anwani, na nani aliwafundisha. Akirudi nyumbani aliyataja mezani kabla ya sala ya chakula.

"Nimepata wengine," alikuwa akisema.

"Wanaimba au wanapiga kelele?" Mama yetu alimwuliza.

"Wanaimba, Oma Jean. Kaa chini nikwambie."

Mimi, binti yake, nilipohitimu chuoni Morehead mwaka 2003, hakuonekana wakati wa picha. Tulimkuta nyuma ya ukumbi na mpishi mmoja aliyekuwa ametoa fidla yake kwenye gari. "Renita, njoo usikie huyu bwana," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Katika picha yangu ya joho tuko watatu: mimi, Baba, na mpishi mwenye aproni.

Alifunga ndoa na Oma Jean Slone tarehe 12 Juni 1971. Mama ni wa kanisa la Wabatisti wa Zamani, ambako wanaimba kwa sauti tupu na hakuna chombo kinachovuka kizingiti. Walikutana kwenye ibada ya makaburini. Baba alisimama nje ya uzio akisikiliza, na ibada ilipokwisha alimwuliza, "Dada, bendi yenu inaitwaje?"

"Inaitwa kanisa," Mama alimjibu. "Na kiti chako kiko ndani, wala si hapo kwenye uzio."

Kwa miaka hamsini na mitatu Baba alimpeleka kanisani kila mwezi, na Mama alimpikia maharage na mkate wa mahindi wa kubeba kwenye matamasha. Hawakuwahi kubadilishana upande.

Mwaka 2009 madaktari walithibitisha kwamba mapafu yake yalikuwa yameharibiwa na vumbi la makaa ya mawe. Kuanzia 2019 alipumua kwa mtungi wa oksijeni. Hata hivyo aliendelea kwenda, mtungi mkononi, na kiti kilichoandikwa kwa rangi nyeupe mgongoni: V. TACKETT, CANEY.

Tarehe 12 Oktoba 2024 tulimpeleka kwenye tamasha dogo katika uwanja wa wazima moto wa kujitolea. Bendi iliyotarajiwa iliharibikiwa gari njiani, na mahali pake wakapanda watu watatu ambao hakuna aliyewajua. Mwanamke mmoja aliimba sauti ya juu bila kuilazimisha, na fidla yake ilimfuata nyuma kidogo, kama mtu anayetembea na mgonjwa. Baba alivua kofia. Wimbo wa pili aliusikiliza akiwa amefumba macho. Katika wimbo wa tatu mshale wa mtungi ulishuka kwenye nyekundu, na mtungi wa akiba tulipoufungua ulikuwa mtupu.

"Baba, twende. Hewa inaisha."

"Subiri mshereheshaji ataje jina."

"Analitaja wakishuka. Hatuna muda huo."

"Hewa bado ipo, Renita. Jina ndilo halipo."

Mimi na kaka yangu Dwight tulimbeba mpaka garini. Alikuwa amegeuza kichwa nyuma njia nzima. Kiti kilibaki.

Alilazwa wiki mbili. Alipoweza kusema, aliuliza jina. Tuliwapigia simu wazima moto. Mshereheshaji alikumbuka kwamba walilisema, ila upepo ulikuwa mkali na yeye hakuliandika. Basi tukaanza kutafuta. Majira yote ya baridi tulimpeleka kwenye kumbi za kijamii, maghala, na orofa za chini za makanisa ya watu wengine, kote upande wetu wa mlima. Alisikiliza nyimbo mbili, akatikisa kichwa. "Hawa wazuri. Siyo wao." Kisha alijiburuta na mtungi mpaka jukwaani kuwauliza wanaitwa nani, wanatoka wapi, nani aliwafundisha, kwa sababu nao walistahili.

Mwezi Januari, mjini Prestonsburg, alisikiliza nyimbo mbili akasema turudi nyumbani. Hakuwauliza jina. Mama alipoambiwa alikaa kitini bila kuvua koti.

Kesho yake, yeye ambaye hakuwahi kugusa redio ya Baba, alipiga simu kwenye kile kipindi cha asubuhi ambacho watu hutangaza kuku na matairi ya kuuza.

"Mama, unauza au unanunua?" mtangazaji alimwuliza.

"Natafuta."

"Unatafuta nini, mama yangu?"

"Watu watatu. Mmoja mwanamke, ana fidla. Waliimba kwa wazima moto Oktoba."

"Na ukiwapata unatoa ngapi?"

"Mume wangu anakufa, kijana. Usinichezee."

Waliopiga simu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa na trekta. Mwingine aliomba namba ya yule wa trekta. Baba alicheka akakohoa, na hakuulizia tena. Wiki za mwisho aliomba redio izimwe. Alisema inamchosha kusikia vitu anavyovijua.

Verlon alifariki Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, nyumbani kwake Caney, mkewe akiwa amemshika mkono akimwimbia kwa sauti tupu. Alikuwa na miaka sabini na saba. Ningependa kuandika kwamba alikwenda kwa utulivu. Alikwenda akitafuta pumzi, na sisi tulikuwa pale na hatukuweza kumpa.

Jana alasiri, wakati wa kuaga mwili, mwanamke mmoja aliingia akiwa amebeba kiti cha kukunja. Alikiweka chini karibu na jeneza, mgongo ukituelekea, tukasoma jina la Baba.

Wanaokwenda kwenye matamasha wanajua desturi. Kiti kikishawekwa hakihamishwi. Ukikikuta kitupu unaweza kukikalia, na mwenyewe akija unampisha. Mwanamke huyu, yule mwimbaji wa Oktoba, alishuka jukwaani siku ile, akakikuta hakina mtu, akakaa. Jioni mwenyewe hakuja.

"Nilimwona mkimbeba," alituambia. "Alikuwa anatuangalia. Nikasema mzee huyu atakuja kudai kiti chake."

Walikichukua kwao Virginia, ng'ambo ya mlima, na kila walipopiga walikiweka mstari wa mbele, upande wa kushoto, jina likionekana. Majira yote ya baridi. Sisi tukihangaika upande huu na Baba, wao upande ule na kiti chake.

"Hukufikiria kuuliza Caney?" Dwight alimwuliza. Hakumwuliza kwa ukali.

"Kiti hakipelekwi nyumbani kwa mtu, kaka. Kinawekwa, mwenyewe anakuja. Ndivyo nilivyolelewa." Kisha akaongeza, polepole, "Juzi Jumamosi mzee mmoja alisimama mbele ya hicho kiti akavua kofia. Akaniambia mwenye kiti haji tena, amefariki Alhamisi."

Mama akamwuliza kama amekuja na wale wenzake wawili, kaka zake, na kama wana vyombo vyao. Alipojibiwa ndiyo, akasema, "Kanisani havitaingia. Lakini kilimani hakuna kizingiti."

Marehemu ameacha mjane, Oma Jean; watoto wawili, Renita na Dwight; wajukuu watatu, Kaylee, Tanner na Brody; na dada yake, Icie Hamilton. Ameacha pia watu wengi waliopiga muziki chini ya maturubai, ambao siku moja mgeni aliyevua kofia aliwauliza nani aliwafundisha.

Sina faraja ya kuwapa, wala sijajipatia mwenyewe. Siku mbili tu, Alhamisi hadi Jumamosi, zilitosha kutunyima. Ninachoweza ni kumpa Baba alichokuwa akikidai, kwa utaratibu wake.

Baba, wanaitwa Clevinger: Dessie, Harlan na Jubal. Wanatoka kijito cha Lick, Kaunti ya Dickenson, Virginia. Aliyewafundisha ni shangazi yao, na naye alifundishwa na mama yake. Wamesimama hapa kando ya kaburi, na wataanza na ule wimbo wa tatu.

Kiti chako kiko mbele, upande wa kushoto. Mama amekikalia. Amesema siku utakapokuja atakupisha.

Pumzika kwa amani, Baba.