Mohdhar Awadh: Miaka Ishirini na Sita ya Kufa kwa Niaba ya Mhispania

Alhamisi hii, tarehe 28 Septemba 2017, Mzee Mohdhar Awadh anastaafu baada ya kuitumikia Studio Marijani, Ras Al Khor, Dubai, kwa miaka ishirini na sita na miezi minne. Katika muda huo amekufa mara ishirini na tatu. Amekufa kwa sumu, kwa kuanguka ngazini, kwa risasi iliyokusudiwa mtu mwingine, na mara moja kwa furaha, baada ya kusomewa barua. Leo kwa mara ya kwanza anatoka kazini akiwa mzima, na sisi wenzake tumeona jambo hilo lisipite hivi hivi.

Kwa wageni watakaosoma kijitabu hiki wakingojea biriani: studio yetu hutia sauti za Kiswahili kwenye filamu za kale za Kihispania, zile nyeusi na nyeupe, kwa ajili ya televisheni za Afrika Mashariki. Mhispania hufungua mdomo, Mswahili akasema. Kazi ya Mzee Mohdhar imekuwa kumsemea mtu mmoja, Fulgencio Barrachina, mwigizaji ambaye hakuna anayelijua jina lake na hakuna asiyeijua sura yake: upara, nyusi kama brashi mbili za viatu, na tumbo linalotangulia kuingia mlangoni. Padri wa kijiji, ndiye huyo. Mwenye nyumba ya wageni, ndiye huyo. Daktari anayetoka chumbani akitikisa kichwa, ndiye. Mjomba tajiri asiyekuwa na budi kufa ili watu wagombanie urithi, huyo ndiye hasa. Tunazo filamu zake arubaini na moja, na kwa wastani alipewa dakika nne katika kila moja. Barrachina mwenyewe alifariki Valencia mwaka 1971. Ras Al Khor hatukumpa nafasi ya kupumzika.

Mzee Mohdhar hakuja kwetu kutafuta kazi ya sauti. Mwaka 1991 alikuwa karani wa wakala wa mizigo kule Deira, kijana wa Mombasa wa miaka thelathini na tisa (alijiita kijana, na hapa tunaheshimu kauli yake). Alileta makasha ya kanda, akamkuta dereva ameziba mlango wa ghala, wakaanza kuambiana maneno. Juu dirishani alikuwa Bi Ghania, mkuu wetu wa sauti, Mzanzibari aliyehamia Dubai kabla ya baadhi ya barabara zake. Alikuwa anatafuta mtu wa kumsemea mwenye nyumba ya wageni aliyekasirika. Akateremka na karatasi. "Wewe, hebu yaseme haya maneno, na hiyo hasira usiiache huko chini." Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Makasha yale yalikaa ngazini mpaka Jumapili.

Hapo ndipo alipokutana na kanuni iliyomfunga. Bi Ghania hapendi sura moja iwe na sauti mbili. Ukishamsemea Mhispania mwenye jina lake kwenye orodha ya waigizaji, huyo ni wako mpaka mmoja wenu atoke duniani, na ikitokea kwamba yeye ameshatoka, basi ni zamu yako. "Sauti hufuata uso," husema, na hajawahi kuongeza maelezo. Yazan, aliyejiunga nasi baadaye, alibahatika kupewa mwigizaji mwenye kidevu kizuri na farasi. Akawa sauti ya steringi. Mzee Mohdhar alikuwa na Barrachina, na steringi, kama kila mtoto wa Pwani anavyojua, hafi. Barrachina hufa dakika ya thelathini.

Tuseme wazi, maana mwenyewe hakuwahi kulificha: kwa miaka yote hiyo Mzee alitaka kitu kimoja, kuwa steringi. Mara moja tu, kabla ya kustaafu. Alilisema kwenye chai, alilisema kwenye lifti, alimwambia na fundi wa bodi za magari wa karakana iliyo chini yetu, Mpakistani asiyejua Kiswahili, ambaye alimhurumia sana. Yazan alimfanyia mzaha kila wiki. "Mzee, leo unakufa saa ngapi? Nataka kujua kama tutawahi chakula." Naye hujibu, "Nikishakufa mimi, mwanangu, hiyo filamu ina nini tena?" Nyumbani kwake, angalau, jibu hilo lilikubaliwa. Mkewe, Bi Mahfudha, alizoea kuzima televisheni punde tu mumewe akishakata roho. Kwake filamu imekwisha. Hajui hadi leo nani aliolewa na nani.

Kwa kuwa dakika nne hazikumtosha, Mzee alijiongezea. Katika kazi yetu maneno lazima yaende na midomo. Lakini mwigizaji akigeuka, nani anaona midomo? "Mgongo hauna mdomo," tunaambizana, tukiwa na maana kwamba hapo waweza kurefusha neno kidogo. Kidogo! Mzee Mohdhar aliuchukua mgongo wa Barrachina kama mtu aliyepewa kiwanja. Mhispania akisema "Ndiyo" huku amegeuka, kwa Kiswahili ilitoka, "Naam bwana wangu, nimesikia, nimeelewa, na hata kama nisingeelewa ningetii." Mwenye nyumba ya wageni mmoja, akiwa anachochea moto, aliwasalimia watu wote wa Kuze, mtaani kwao Mombasa. Na katika arusi maarufu ya mwaka 1996, padri Barrachina akiwa ameelekea madhabahu, alisikika akisema, "Mjaaliwe watoto, inshallah, haya yalla tukale." Ikarushwa hivyo hivyo. Mtazamaji wa Moshi aliandika kuuliza padri yule ni wa dhehebu gani, maana angependa kuhamia.

Siku hizo tulikuwa sauti nne tu, na sura zisizo na jina tuligawana. Ndiyo maana katika filamu moja ya wizi, padri ni Mohdhar, na mwizi aliye nyuma ya kiwambo cha maungamo ni Mohdhar pia. Alijiungamia, akajikemea, akajisamehe, na adhabu aliyojipa ilikuwa nyepesi mno.

Msidhani mwandishi wa mistari hii anacheka akiwa pembeni. Ndimi mtafsiri. Kihispania changu kinaishia kwenye kuomba maji. Nafasiri kutoka nakala ya Kiingereza, na mara nyingi sentensi zangu zimekuwa ndefu kuliko pumzi ya binadamu. Yapo mauti mawili ya Barrachina ambamo kukata roho kule ni kwa kweli. Mzee alikuwa amefika kwenye kituo kikubwa bila kukutana na mkato wowote njiani.

Wala hatutasahau makelele. Chini yetu hugongwa milango ya Land Cruiser kuanzia Jumamosi mpaka Alhamisi, na ndiyo sababu sauti tunazirekodi Ijumaa asubuhi, kabla ya sala. Mwaka 2003 tulikaidi, tukarekodi Jumanne. Watawa wa filamu ile wanasali kwa utulivu mkubwa ndani ya karakana.

Pamoja na hayo yote, ni Mzee Mohdhar peke yake miongoni mwetu aliyewahi kuandikiwa rambirambi. Familia moja ya Tanga ilituma barua baada ya daktari Barrachina kufa kwa homa aliyoambukizwa na wagonjwa wake. Waliomba ifikishwe kwa wafiwa. Imekaa kwenye gari lake, nyuma ya kile kibao cha kuzuia jua, miaka kumi na minne. Yazan ana barua nyingi za wasichana. Hana rambirambi hata moja.

Sasa tufike mwaka huu. Mwezi Machi liliingia kasha la filamu mpya, mpya kwetu, na kwenye orodha ya mojawapo jina la Barrachina lilikuwa juu kabisa. Dakika tisini na nne za filamu, naye yumo ndani ya themanini na nane. Mzee aliisoma orodha ile bila miwani, jambo ambalo halijatokea tangu 2005. Akaleta halua. Akapiga simu Mombasa.

Bi Ghania alitaka kumpa Yazan. Alikuwa na sababu zake: wateja wanamjua, na kifua cha Mzee si kile cha 1991. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu isiyokuwa yake, kisha akasema, "Kanuni ni yako, Bi Ghania. Mimi nimekufa kwayo mara ishirini na tatu." Bi Ghania aliangalia kalamu yake. "Haya, chukua. Lakini usinitie yalla humo."

Hapa lazima nikiri uoga. Orodha huonyesha dakika za uso, haionyeshi maneno, na filamu nzima hakuna aliyeiangalia kabla ya mimi kufasiri. Nilipofika ukurasa wa ishirini bila kumwona steringi akisema kitu, nilidhani nakala ina kasoro. Nilipofika wa sitini nikaelewa. Barrachina ni mzee wa kituo cha reli ambaye tangu afiwe na mkewe hajatamka neno. Wengine wote wanasema, tena wanasema sana. Yeye anapokea tiketi. Mwisho kabisa binti yake anapanda treni, na mzee anamwambia neno moja. Nilikaa na habari hiyo siku nne, nikila halua yake.

Alipoitazama, aliitazama yote, peke yake, ndani ya kibanda cha kurekodia. Alipotoka, Yazan hakujizuia: "Hongera Mzee. Umepewa usteringi na likizo siku moja." Tulicheka, na mimi nikiwemo. Mzee aliomba iwekwe tena toka mwanzo.

Ijumaa iliyofuata alikuja na madai. Filamu hizi za kale zina mkondo mmoja wa sauti. Ukimwondoa Mhispania, vinaondoka na viatu vyake, kikohozi chake, pumzi zake. Sisi hujazia kwa pumzi za akiba tulizorekodi zamani, na pumzi hizo, kwa bahati mbaya, ni za Yazan. Mzee akakataa katakata. "Uso wangu haupumui kwa mapafu ya mtu mwingine." Basi akapumua mwenyewe, dakika themanini na nane, Ijumaa tano. Alipumua akipanda ngazi za kituo, alipumua akikunja bendera, alipumua kwa namna moja treni ikiwa karibu na kwa namna nyingine ikiwa mbali. Fundi mitambo alisema hajawahi kuona mtu akirudia kuguna mara kumi na moja kwa hiari yake.

Kilichotutisha ni migongo. Filamu ile ina dakika kumi na tisa za mgongo wa Barrachina akiangalia reli. Dakika kumi na tisa! Kwa mtu yule, ni kama kumwachia fisi ufunguo wa bucha. Bi Ghania alikaa nje ya kioo, kidole juu. "Mohdhar, wallahi ukitia neno moja tu, hii ndiyo kazi yako ya mwisho." Ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho kweli, kwa hiyo tishio lenyewe halikuwa na meno. Mgongo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Hakusalimiwa mtu wa Kuze.

Ukabaki ule wa mwisho. Treni inaondoka, mzee yuko juu ya jukwaa, na mwongozaji, sijui kwa nini, amempiga picha kwa nyuma. Mgongo mtupu. Miaka ishirini na sita Mzee alikuwa akiniomba nimwongezee japo sentensi, nami humjibu kwamba midomo hairuhusu. Hapo hapakuwa na midomo. Nikamwandikia sentensi nne, zawadi ya kumuaga: mapenzi ya baba, msamaha, mama yake binti, kila kitu. Bi Ghania alizisoma akanipa macho, lakini akaziacha zipite.

Mzee Mohdhar alizisoma taratibu. Akaomba kalamu. Akafuta ya kwanza, akafuta ya pili, akaendelea mpaka chini, akabakisha neno lilelile alilolisema Mhispania. Akaingia, akavaa spika za masikioni, akalisema mara moja.

"Rudi."

Hakuna aliyekata mkanda. Uliendelea kuzunguka. Yazan alisema anatoka kwenda kupokea simu. Simu yake ilikuwa mezani.

Filamu ilirushwa Agosti. Bi Mahfudha aliiangalia mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, kwa kuwa hakupata mahali pa kuizima. Kisha akapiga simu studio kuuliza kama tunazo nyingine za namna hiyo, maana wiki zile tano mumewe alikuwa kimya na nyumba ilitulia. Kuhusu kasha lile, zimo filamu mbili zaidi za Barrachina, dakika nne nne, anakufa zote. Yazan aliulizwa kama atazichukua. Alisema huo si uso wake. Bi Ghania amezirudisha rafuni.

Mzee Mohdhar, tunakushukuru kwa kila ulichosema na, zaidi, kwa mengi ambayo hukupaswa kuyasema. Tunawatakia wewe na Bi Mahfudha siku njema na ndefu Mombasa, mtazamane mpaka mwisho wa filamu bila mtu kuzima. Hapa palikuwa na aya tatu za kuaga, zenye methali mbili na ubeti mmoja, ambazo mwandishi alizionea fahari. Asubuhi hii mstaafu ameomba kuzipitia, akaomba na kalamu. Limebaki neno moja.

Rudi.