Wasifu wa Shemasi Lonzo Minter, Aliyechagua Mstari wa Chini

Lonzo Rayford Minter alizaliwa tarehe 9 Novemba 1921, siku ya Jumatano, kwenye shamba la pamba la watu wengine nje kidogo ya Tarrow, Arkansas. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Rayford Minter na Mama Sudie. Wa kwanza ni dada yake Arzula, ambaye ameyaandika haya kwa mkono wake mwenyewe. Mchungaji aliomba ayanyooshe kidogo, akaambiwa hapana, asante.

Marehemu alisoma shule ya kanisa letu hapa Nebo mpaka darasa la sita, miezi ile tu ambayo pamba ilikuwa imeshavunwa. Mwalimu wake, Bi Ludie Fant, alisema mtoto huyu hawezi kuona kitu kimepinda akakiacha. Asubuhi aliingia darasani kabla ya wenzake, akanyoosha mabenchi. Wenzake wakifika wanayasukuma makusudi ili aanze upya. Naye alianza upya, bila kununa.

Februari 1943 jeshi lilimwita. Mama Sudie alishona nyota ya buluu juu ya kitambaa cheupe, akaitundika dirishani kama walivyofanya mama wote wenye mtoto vitani. Siku hiyo hiyo aliitwa pia Hosea Crump, jirani yetu. Huyu alikula sabuni ya kufulia kabla ya kumwona daktari wa jeshi, moyo ukamwenda mbio kama farasi, akarudishwa nyumbani na basi la jioni. Alipita mbele ya nyumba yetu ameshakunywa pombe.

"Mama Sudie," akasema, "hiyo nyota inaliwa na mkate wa mahindi, au hivi hivi?"

Arzula alikuwa barazani anamenya maharage. "Na wewe Hosea, sabuni umeila na nini?"

Watu walicheka mpaka barabarani. Hosea hakucheka. Akasema, "Haya, nichekeni. Mjini siruhusiwi kunywa maji kwenye bomba la wazungu. Sasa nikafe kwa ajili ya bomba hilo hilo?"

 Tangu siku hiyo Arzula hakumpa Hosea Crump salamu, wala hakuipokea yake.

Lonzo alipelekwa Uingereza, kisha Ufaransa, na mwaka 1944 majani yakipukutika akafika Uholanzi. Kikosi chao kilikuwa cha watu wetu weusi watupu, na wakubwa wao wazungu. Walikuwa wamejifunza bunduki, walipewa mabeleshi. Walionyeshwa shamba la mkulima wakaambiwa hapa watalala vijana wetu, chimbeni. Mvua ilinyesha bila kupumzika. Ukichimba, kuta zinamomonyoka, unachimba tena. Malori yalikuja yamejaa.

Sheria ya pale ilikuwa moja: hakuna kuchagua. Anayeteremshwa kwanza analala karibu na aliyezikwa mwisho. Awe afisa, awe mpishi, awe mzungu, awe mtu wetu. Siku moja akateremshwa Otha Pruitt, dereva wa lori, mtoto wa hapa hapa Tarrow, aliyekaa na Lonzo benchi moja kwa Bi Ludie. Lonzo alitaka kumtafutia mahali pakavu kule juu. Sajenti wake akamuuliza taratibu, "Minter, nani anafuata?"

"Otha."

"Basi mlaze, ndugu yangu."

Akamlaza katikati ya vijana wawili wa kizungu asiowajua. Majira ya maua yalipofika, wanawake wa kijiji kile walikuja na vikapu, wakaweka maua kila kaburi, hawakuruka hata moja. Lonzo alisema ndipo aliposimama akalia. Hapa kwetu Otha asingeweza kukaa karibu na vijana wale hata ndani ya basi.

Na huku nyumbani watu hawakulala. Arzula na Verdell Stokes, mchumba wa Lonzo, walipanda basi alfajiri kwenda kiwanda cha makombora. Wanawake wazungu walipewa chumba cha kufunga masanduku, chenye madirisha. Wetu walipewa baruti. Ile baruti iligeuza mikono yao ikawa ya manjano, hata foronya zikawa za manjano. Arzula alimtania Verdell, "Wifi, Lonzo akirudi atadhani ameoa boga." Verdell naye akamjibu, "Boga angalau lina anayelisubiri."

Lonzo alirudi Januari 1946. Njiani kutoka stesheni alipita makaburi ya mjini, ambayo wakati ule yalikuwa na uzio wa waya katikati, wazungu huku, watu wetu kule bondeni maji yanakotuama. Alisimama pale na mizigo yake. Arzula, aliyekwenda kumpokea, akamwambia, "Twende, Mama anasubiri." Akasema, "Wale niliowazika wamelala bega kwa bega, Dada. Sijasikia hata mmoja amelalamika."

Alimwoa Verdell tarehe 16 Juni 1946, wakajaliwa Othella na Rayford. Alifanya kazi kiwanda cha mbao mpaka alipostaafu, na alikuwa shemasi hapa Nebo. Lakini kazi mliyomjua nayo ni ya kuchimba makaburi, ambayo hakupokea malipo. Kila ukoo kwenye makaburi haya ya Nebo una pahali pake pa juu, chini ya mierezi. Wasio na ukoo walikuwa wanatupwa popote. Mwaka 1947 Lonzo aliongea na wazee, akafungua mstari mpya kule chini karibu na uzio. Mgeni aliyefia barabarani, kichanga cha msichana asiye na mume, mlevi, walilala pale kwa kufuatana. Kila aliyemletea maiti alimwambia neno moja: "Hapa ni pazuri kama pale juu." Watu wakauita mstari wa jeshi, na wengine waliuita hivyo kwa dharau.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka jana. Januari hii alipokufa Hosea Crump, hakuwa na nguvu ya kushika beleshi. Alikaa kwenye kiti, blanketi miguuni, akawaelekeza vijana kwenye mstari ule wa chini mpaka kaburi likanyooka. Mwezi Machi alilazwa. Arzula alimpelekea keki ya pichi ambayo hakuweza kuila.

"Dada," akasema, "nani wa mwisho kuzikwa Nebo?"

"Unamjua vizuri."

"Mtaje."

"Simtaji."

"Basi mimi ndiye ninayemfuata."

Arzula akasimama. "Wewe? Uliyekwenda vitani, ulale na mla sabuni? Nafasi yako iko kule juu, kando ya kaburi la Mama. Nimeifagia mwenyewe."

Lonzo akacheka mpaka akakohoa.  Alifariki tarehe 21 Machi 1996, saa kumi na moja alfajiri, mkewe amemshika mkono.

Juzi Arzula alitangulia makaburini, akachora kwa fimbo kando ya Mama Sudie, akawaambia vijana wachimbe. Vijana walishika mabeleshi wakatazama chini. Verdell akaja, akasimama juu ya mchoro ule.

"Ondoka hapo, wifi," akasema Arzula.

"Siondoki. Miaka yote hii amewaambia akina mama wenye vichanga kwamba kule chini ni pazuri kama huku. Leo tukimpandisha huku, atakuwa amewadanganya wote. Unataka mdogo wako azikwe mwongo?"

  Arzula akaufuta mchoro kwa kiatu chake na kuwaambia vijana, "Mnanitazama nini? Shukeni chini. Na mnyooshe, alikuwa hapendi kitu kilichopinda." Alipofika kwenye kaburi la Hosea Crump alisimama kidogo. Akasema, "Habari ya asubuhi, Hosea." 

Marehemu ameacha mjane wake Verdell, binti yake Othella na mumewe, mwanawe Rayford na mkewe, wajukuu sita, na dada mmoja, Arzula.

Basi anashushwa leo kwenye mstari wa chini. Kushoto kwake yupo Hosea. Kulia kwake ni udongo ambao haujaguswa, na huo ni wa atakayetangulia kati yetu sisi tuliosimama hapa, awe nani. Dada yake amekwisha mwambia Mchungaji kwamba ikiwa ni yeye, asihangaike kumtafutia mahali pengine.

Mungu ampe Lonzo usingizi mwema, na waliomzunguka pia.