Alijua, na Mia Sita Akazipokea

— Pa'anga mia sita, Kepueli. Sikuzitoa ili nije kutangaziwa posa ya Fatai.

Lopeti hakutaka kukaa. Wenzake walikuwa wameshajipanga kwenye benchi la nyuma ya kanisa, bakuli la kava, kinywaji cha mizizi, katikati, kifuu kikizunguka, kama kila Jumapili pale kisiwani Vava'u ibada inapokwisha. Asubuhi ile mchungaji alikuwa ametangaza kwamba Hingano anaolewa na Fatai, yule mwenye sauti nzito ya kwaya na meno ya tangazo la dawa ya meno. Wiki tatu nyuma, siku ya sadaka kuu ya mwaka, majina yaliposomwa na kiasi cha kila mmoja, Fatai alisomewa hamsini. Lopeti alisomewa pa'anga mia sita, fedha za jike lake la nguruwe na vanila yote ya msimu. Moyoni aliomba apewe Hingano, basi. Na Hingano leo alikuwa akimchekea Fatai mbele ya watu, bila hata haya.

Kepueli, mweka hazina wa kanisa, waliyembandika jina la Wakili kwa kupenda kumtetea Mungu hata pasipo na kesi, alimjibu kwamba Mungu hanunuliwi.

— Sijasema nimemnunua. Nauliza hivi: siku ile alijua Hingano ataenda kwa Fatai, hakujua?

— Anajua yote.

— Na mimi ananipenda?

— Kuliko mama yako.

— Mama yangu angeniambia, Lopeti mwanangu, usiuze nguruwe.

Hapo akaingia Samiu, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki. Kwake yeye Mungu ni kama mtu anayeangalia mechi ya raga ya jana: matokeo anayajua, lakini si yeye aliyedondosha mpira. Lopeti akasema mtazamaji huyo ndiye aliyeumba mpira, uwanja na miguu ya Fatai, tena kiingilio amekula. Redio hakurudi nyuma. Huenda, akasema, mbele za Mungu wapo akina Lopeti wengi, na yule aliyempata Hingano ndiye aliyetoa hamsini. Lopeti nusura alipige bakuli teke. Hata huyo Lopeti wa kufikirika alimwonea wivu.

Wakili akaja na kali zaidi: kwa upendo wake, Mungu hufumba macho tunapochagua, ili tuwe huru.

— Kumbe hata mia sita zangu hakuziona.

Mwisho wa benchi alikaa Uhila, fundi kutoka Ha'apai aliyekuja kutengeneza jenereta ya kanisa. Akanywa, akafuta mdomo.

— Samahani, kaka. Huyo Hingano, ulimwambia?

— Nimwambie nini?

— Kwamba unamtaka.

Lopeti alimkodolea macho. Mia sita zilisomwa kwa kipaza sauti. Hingano alikuwa benchi la tatu, alisikia, mpaka akageuka kumtazama. Mwanamke gani anasikia mia sita asielewe? Aliyaeleza hayo kirefu, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyomwishia. Wakili akakoroga kava isiyohitaji kukorogwa.

Ndani ya kanisa Fatai alianza kujaribisha sauti yake ya chini, na mwanamke akacheka.

Lopeti akanyoosha mkono, kiganja juu.

— Mia sita zangu, Wakili. Leo.