Mama Kurasa, Mwalimu wa Darasa

Ndugu, jamaa, majirani, walimu na wanafunzi mliofika hapa nyumbani, familia imeniteua mimi, binti yake wa kwanza, niwasomee maisha ya mama yetu, na kwa kuwa yeye hakuweza kuvumilia habari isiyo sahihi, tarehe zote nimezihakiki kwa Baba na kwa Mama Mkubwa, dada yake, nanyi naomba mniwie radhi nikisoma polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1969, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la nafaka ambako babu yetu alikuwa mlinzi, bibi akishona nguo za watu barazani. Mama Mkubwa anasema alianza kuongea mapema kuliko wenzake wote na tangu hapo hakunyamaza, hata bibi akawa anamtuma dukani si kwa sababu kuna kitu kimeisha, bali ili nyumba ipumue.

Alianza darasa la kwanza Januari 1977, akamaliza elimu ya msingi mwaka 1983, akasoma sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1984 hadi 1987, na mwaka 1988 alikaa nyumbani kumuuguza bibi, aliyefariki Oktoba mwaka huo mikononi mwake. Alijiunga na chuo cha ualimu Januari 1989 na kuhitimu Novemba 1990. Tangazo lililobandikwa getini linasema aliajiriwa mwaka huo wa 1990, hilo ni kosa letu, aliajiriwa tarehe 4 Februari 1991, katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli, na hapo ndipo alipofundisha Kiswahili maisha yake yote.

Ni katika shule hiyo alipokutana na Baba, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuja kuweka nondo kwenye madirisha, Mama akatoka nje kumwambia azime mashine yake kwa sababu watoto hawamsikii, naye Baba akamjibu kwamba watoto wanamsikia vizuri sana, maana hata yeye aliye nje, na mashine inanguruma, somo zima amelielewa. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1995, nikazaliwa mimi Mei 1998 na mdogo wangu Agosti 2006.

Mwaka 2016 shule ililetewa tableti kumi na tano za msaada, zikafungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu kwa hofu ya kuharibika, mpaka Mama alipozifuata na kuzisainia kwa jina lake. Alijifunza mwenyewe kuzitumia kutengeneza vitabu vya hadithi, watoto wakichora picha, wakiandika sentensi mbili tatu chini yake na kurekodi sauti zao wakizisoma, na kwa njia hiyo akawafundisha sarufi iliyokuwa ikiwasinzisha ubaoni. Kitabu chao cha kwanza kilihusu kiatu kilichogoma kuvaliwa, na watoto walipokimaliza na kushangilia, Mama akawaambia kwamba kiatu kimempata mwenzake, sasa ni viatu viwili, kwa hiyo kitabu kizima kirudiwe tangu jalada, wakaguna, wakarudia, na ngeli hiyo hawakuisahau tena. Mtoto aliyelalamika kwamba amechoka aliulizwa amefika ukurasa wa ngapi, hakuulizwa kingine, ndiyo maana wakamwita Mama Kurasa.

Agosti 2021 sauti yake ilianza kukwaruza, tukadhani ni vumbi la chaki, yeye mwenyewe akisema kwamba koo limedai likizo, lakini vipimo vilionyesha saratani, na tarehe 22 Novemba 2021 alifanyiwa upasuaji na kuondolewa kisanduku cha sauti. Tangu siku hiyo mama yetu hakutamka neno tena. Aliandika kwenye tableti na Baba akawasomea watu, Baba ambaye shule aliiacha darasa la nne na hakuwa amesoma kwa sauti mbele ya mtu tangu utoto wake. Mwanzoni alisoma neno moja moja huku jasho likimtoka, na siku moja wodini akamsomea daktari kijana, kwa uaminifu wote, kwamba viatu vyake vina kelele kuliko wagonjwa, akagundua alichokisema baada ya wodi nzima kucheka, Mama naye akitikisika mabega bila sauti.

Machi 2022 aliomba kurudi darasani. Mwalimu mkuu alimpokea vizuri, akamweleza kwa upole kwamba somo la lugha ni mdomo, na kwamba ameandaliwa nafasi stoo ya vitabu ambako hatasumbuka, Mama akaandika jibu, Baba akalisoma huku sauti ikimfifia kadiri alivyoendelea, kwamba miaka yote walimu wana midomo na watoto bado wanakosea. Mwalimu mkuu, ambaye yuko hapa nasi na ameniruhusu niliseme hili, alicheka mpaka akavua miwani, kisha akampa muhula mmoja wa majaribio, akisema kwamba darasa likishuka kwa alama, ataenda stoo.

Muhula ule Mama hakulala vizuri, alikonda, alikuwa akisema, yaani akiandika, kwamba stoo hawezi kwenda kwa sababu vitabu vya stoo havikosei. Akafundisha hivi: mtoto alirekodi ukurasa wake, darasa zima likausikiliza, na palipokuwa na kosa Mama aliinua mkono, basi, asionyeshe ni lipi, watoto wakabishana mpaka walipate wenyewe. Mwalimu wa hisabati alikuja kulalamika kwamba darasa la mwalimu asiye na sauti ndilo lenye kelele kuliko yote shuleni, na Mama alimwandikia kwamba tangu aajiriwe hajawahi kupewa sifa nzuri kama hiyo. Darasa halikushuka. Alikaa nalo muhula ule, na mwaka ule, na mwaka uliofuata.

Juni 2024 ugonjwa ulirudi, safari hii mapafuni, akalazwa akiwa ameacha kitabu cha darasa katikati, na kwa kuwa watoto hawaruhusiwi wodini, walimtumia kurasa zao kwa simu ya Baba. Alizisikiliza akiwa amefumba macho na kuinua mkono, kisha mkono ukawa kiganja tu, kisha vidole. Asubuhi ya tarehe 11 Septemba Baba alimwekea ukurasa wa msichana mmoja, ulikuwa na kosa ambalo hata mimi nililisikia, vidole havikuinuka. Baba akasubiri, akaurudia, akasubiri tena, halafu yeye mwenyewe akainua mkono wake. Mama alifumbua macho akamtazama. Alifariki saa nne na dakika kumi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, ameacha mume, watoto wawili na darasa moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hususan daktari wa viatu, ambaye baada ya siku ile alianza kuja na ndara, majirani waliotupikia na kutufulia tuliposhindwa, na walimu wenzake waliogawana vipindi vyake bila kuombwa. Tunawashukuru wanafunzi wake, ambao wameuliza kama wanaruhusiwa kuendelea na kitabu, jibu ni ndiyo.

Jana mwalimu mkuu alikuja kumpa Baba pole, Baba akamuuliza jambo moja tu, kama karatasi za uhamisho wa stoo ziliwahi kuandikwa, naye akajibu kwamba hazikuandikwa, na kwamba kwenye ratiba iliyoko ukutani hadi leo darasa lile ni la Mama. Mama alihofia sana kuondolewa. Hakuondolewa, leo tunamzika akiwa mwalimu wa darasa.

Pumzika, Mama Kurasa, amani iwe nawe.