Fundi Mapazia na Stuli Yake

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Machi, marehemu alimaliza chai, akapanda stuli kutundika pazia la sebuleni. Mumewe alishika stuli, akamsihi ashuke, maana daktari alishamkataza kutazama juu. "Wewe shika stuli, mzee. Ya daktari niachie mimi." Pazia likakaa sawa. Akashuka salama.

Alizaliwa mwaka 1951, mtoto wa nne wa seremala. Alisoma hadi darasa la saba. Nyumbani kwake ndiye aliyekuwa msomi, kwani mumewe hakukaa darasani hata siku moja.

Cherehani alifundishwa na shangazi yake. Baadaye alifungua chumba chake kando ya duka la dawa, watu wakamwita Fundi Mapazia. Hakukubali mteja atundike mwenyewe.

Yeye na mumewe, aliyekuwa mpaka rangi wa nyumba, walikutana kazini. Pazia jipya la marehemu liligusa ukuta wenye rangi mbichi. "Umeniharibia kazi, kaka. Utanishikia ngazi mpaka nimalize." Akashika. Walioana mwaka 1974, na ngazi hakuiachia tena.

Miaka miwili iliyopita marehemu alianza kuona kiza akiinua shingo, miguu ikalegea. Wengine walisema presha, wengine uzee. Picha ya kichwa ikaonyesha mshipa ambao kila mtoto huwa nao akiwa tumboni mwa mama, kisha hufunga kabla hajazaliwa. Wake haukufunga. Mishipa mingine ya nyuma ya shingo ilikuwa myembamba mno, basi damu ya kisogoni ikategemea huo mmoja, nao ulikuwa umekakamaa. Marehemu alicheka: "Kumbe nimezeeka na mshipa wa kitoto!" Mumewe aliomba wachukue mshipa wake yeye, wampe mkewe. Daktari akamwambia, "Mzee wangu, hauhamishiki. Na kuugusa ni hatari."

Jumatano, kesho yake baada ya lile pazia, alianguka jikoni. Mumewe alimdaka. Kumdaka hakukusaidia kitu. Alilazwa hospitali, akafariki Ijumaa, tarehe 7 Machi, alfajiri.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, dada yake, na wasichana aliowafundisha cherehani. Mola ampumzishe, kizunguzungu kisimfuate huko.

Alhamisi jioni, kabla ya alfajiri ile, marehemu alifumbua macho wodini, akalitazama pazia la kitanda chake. Mumewe alikuwa amekaa hapo, hana la kushika. Marehemu hakusema tena baada ya haya:

"Limepinda lile. Shika stuli, mzee, nipande."