Aubrey Thirlwell, Lodi wa Nane wa Hallowby, na Nafasi ya Tisa

"Mimi ndiye wa nane, na wa tisa huyo hapo anakuja." Maneno hayo marehemu aliyatamka kwenye kipaza sauti Jumamosi tarehe 14 Julai 1979, akiwa amesimama juu ya mkokoteni wa majani makavu katika maonyesho ya kilimo ya Hallowby, mbele ya watu mia nne, huku kidole kimeelekea tumboni kwa mkewe. Mkewe alikuwa ameketi chini, kando ya mkokoteni, anakula pai ya nyama. Waliokuwepo wanasema hakuacha kutafuna. Familia imeagiza wasifu huu usomwe kwa heshima, na tutajitahidi. Lakini marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka tuanzie hapo.

Aubrey Fulke Thirlwell alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1941 katika Jumba la Hallowby, Yorkshire Kaskazini, mtoto pekee wa Lodi wa saba. Chumba alichozaliwa leo ni chumba namba kumi na mbili cha hoteli, kina beseni la maji moto, na maharusi hukilipia vizuri. Cheo chenyewe kilianza mwaka 1796, mfalme alipokitoa kwa Josiah Thirlwell, aliyekuwa akiuza nyama ya chumvi kwa jeshi la majini. Hapa kijijini husemwa kwamba mabaharia waliokula nyama ile walipigana kwa ujasiri mkubwa, maana kufa kulikuwa afadhali. Lodi wa pili alichimba ziwa la mapambo, likavuja. Wa nne alipenda farasi, farasi hawakumpenda. Wa tano alikaa na cheo miezi mitatu tu, akafia vitani Ufaransa mwaka 1916, na mdogo wake akakipokea. Wa saba aliliuza jumba mwaka 1953 ili alipe kodi ya urithi, akahamia na familia yake katika nyumba ya mlinzi wa geti. Marehemu alikulia humo, akazeekea humo, na humo ndimo alimofia. Hakuwahi kulalamika, isipokuwa kuhusu bomba la moshi.

Alipotimiza miaka saba alipelekwa shule ya bweni, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa nasaba yake: unamzaa mtoto, unampa majina matatu, kisha unamkabidhi kwa wageni wakamwogeshe kwa maji baridi. Ripoti yake ya mwisho, ambayo aliitundika chooni na ipo hadi leo, ina maneno mawili: "Hana madhara." Baadaye alisomea kilimo miaka miwili, akahitimu, jambo alilopenda kuwakumbusha baadhi ya wajukuu zake, ingawa anaye mmoja tu.

Baba yake alifariki mwaka 1968, naye akawa Lodi wa nane akiwa na miaka ishirini na saba, pamoja na ekari mia na sitini, kondoo, na kiti katika Baraza la Malodi huko London. Katika miaka thelathini na moja alihutubia mara moja, mwaka 1976, kwa dakika nne, kuhusu mifereji ya maji mashambani. Mwaka 1999 malodi wa kurithi walipotolewa, waliotaka kubaki waliruhusiwa kujieleza kwa maneno yasiyozidi sabini na tano ili wenzao wawapigie kura. Yeye aliandika hivi: "Naijua mifereji. Sitasema mara kwa mara. Chakula nitakuja nacho." Alipata kura tatu, moja ikiwa yake. Alirudi kwa treni ya saa kumi, akawalisha kondoo.

Tarehe 1 Juni 1974, katika kanisa hili la Mtakatifu Oswald, alimwoa Bi. Honor Askwith, binti wa daktari wa mifugo wa Malton. Miaka mitano ilipita, mimba mbili zikaharibika. Ile ya tatu ilipovuka mwezi wa tano, daktari akasema sasa wapumue, ndipo marehemu alipopanda juu ya mkokoteni. Tunaomba mlijue hilo. Tambo lile lilikuwa furaha ya mtu aliyeogopa kwa muda mrefu.

Kosa lilikuja Jumatatu yake. Mnauona ule ubao wa mwaloni kwenye ukuta wa kaskazini, wenye majina ya malodi wote kwa herufi za dhahabu. Marehemu alimwita Bw. Wilf Oldroyd, mwandishi wa mabango, wakati huo kijana wa miaka ishirini na minne, akamwambia aandike namba tisa ya Kirumi chini ya jina lake, jina litafuata. Bi. Honor alimshauri angoje kwanza mtoto azaliwe. Akajibu kwamba dhahabu itapanda bei. Basi namba ikaandikwa, alama mbili kwa peni themanini kila moja, na tarehe 2 Novemba 1979 akazaliwa Sibyl.

Hati ya mfalme inasema cheo kitashuka kwa warithi wa kiume waliotoka mwilini mwa yule muuza nyama. Sibyl alitoka mwilini humo sawasawa, lakini sharti la kwanza lilimshinda. Mtoto mwingine hakuja. Namba tisa ikabaki ukutani bila mwenyewe. Kwenye baa wanaume walikuwa wakimwona marehemu anaingia, wanauliza kama wa tisa amefika au treni imechelewa. Bw. Oldroyd naye, kila alipokutana naye, alimwambia: "Bwana Mkubwa, namba ninayo, jina nalisubiri. Au niandike kwamba ametoka kidogo?" Marehemu alicheka pamoja nao. Mtu ambaye hakucheka alikuwa na urefu wa mita moja na kidogo.

Sibyl alikuwa na miaka saba alipomuuliza baba yake, wakati wa ibada, nani atakaa pale penye namba tisa. Marehemu alijibu bila kufikiri, kama wajibuvyo watu wazima wanaotafuta ukurasa wa wimbo: "Bado tunamsubiri." Tangu Jumapili iliyofuata Sibyl alihamia upande wa pili wa mama yake, ambako nguzo inaziba ubao. Alikaa pale miaka thelathini na nane. Marehemu alidhani anakwepa upepo wa mlangoni.

Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia bondeni, kondoo wote wa Hallowby waliuawa kwa amri, hata wazima. Marehemu aliingia ndani, akafunga pazia. Sibyl, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja, aliacha kazi yake Leeds, akasimama getini na wale watu wa bunduki mpaka wa mwisho, ili asiwepo kondoo atakayekufa mbele ya wageni peke yao. Masika yaliyofuata alinunua majike arobaini. Shamba mnaloliona leo ni lake. Marehemu alilijua hilo tangu siku ile getini, ila ulimi wa watu wa nasaba yake haukuundwa kwa kusema mambo kama hayo. Mifereji, ndiyo.

Bi. Honor alitutoka mwaka 2011. Moyo wa marehemu ulianza kudhoofika mwaka 2022, na Mei 2023 alifanya jambo ambalo hakumwambia mtu: aliandika barua kwa mahakama ya askofu, ambayo bila kibali chake hata msumari haugongwi kanisani, akiomba mbele ya namba tisa paandikwe jina la Sibyl. Mzee wa kanisa, Bw. Cuthbert Lyle, alipinga. Alisema ubao ule ni kumbukumbu, si kadi ya pongezi, na mtoto atakayeusoma baada ya miaka mia ataamini Sibyl alikuwa Lodi. Bw. Lyle yupo nasi hapa, maua haya ameyapanga yeye, na tunamshukuru, kwa sababu pingamizi lake ndilo lililofichua siri. Sibyl alizipata habari dukani. Akakubaliana na Bw. Lyle. Alisema hahitaji kuandikiwa uongo kanisani ili baba yake alale vizuri.

Ndipo, alasiri moja ya Novemba iliyopita, marehemu alipoomba asukumwe kwa kiti cha magurudumu hadi hapa, akamwita Bw. Oldroyd, akaagiza na Sibyl aitwe. Sibyl alikuja moja kwa moja kutoka kwa kondoo, matope hadi magotini, akasimama mlangoni. Marehemu hakuuangalia ubao. Alimwangalia yeye.

"Nilisema wa tisa anakuja," akamwambia, "na alikuja. Mimi ndiye sikwenda kumpokea."

Bw. Oldroyd akaanza kupangusa brashi ambayo haikuwa na rangi. Sibyl akaja hadi kwenye kiti.

"Baba, umekaa kwenye upepo," akasema hatimaye. "Funga hiyo shali." Kisha akamfunga mwenyewe. Alipomaliza, akiwa bado ameinama, akasema, "Jina tu. Cheo usiweke."

"Cheo sina cha kukupa."

"Najua. Ndiyo maana nakubali."

Ombi likaandikwa upya siku ile ile, na Bw. Lyle akalitia sahihi kwa mkono wake.

Tangu Krismasi marehemu hakutoka tena kitandani. Tarehe 11 Februari 2025 aliuliza kama barua ya askofu imefika. Sibyl akamwambia kesho. Alifariki siku hiyo, saa tisa na robo alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake, na dakika hiyo hiyo cheo cha Lodi Hallowby kikazimika, baada ya miaka mia mbili ishirini na tisa. Barua ilifika Ijumaa, tarehe 14. Kibali kimetolewa: jina moja, bila cheo, na namba isifutwe kwa kuwa sasa imekuwa ya kale.

Marehemu ameacha binti mmoja, Sibyl. Mjukuu mmoja, ambaye anasoma maneno haya, na ambaye stashahada yake isiyokamilika marehemu aliiita daraja lililoishia katikati ya mto. Kondoo mia tatu na kumi. Na bomba la moshi ambalo bado linavuja. Leo, kama mlivyoona, Sibyl ameketi upande wa huku wa nguzo. Babu, umefika, pumzika, na amani ya Mungu ikufunike kuliko shali.

Bw. Oldroyd ataanza kazi Jumatatu. Kuhusu dhahabu marehemu alisema kweli. Herufi moja sasa ni pauni ishirini na mbili.