Fundi Anselmo na Mashine za Maboksi

Fundi Anselmo anatuaga tarehe thelathini mwezi huu wa sita, baada ya miaka ishirini na nne kwenye karakana yetu ya Temeke. Nayasema haya mie, Bi Tunu wa jikoni, na Rukaiya wa ofisini anaandika. Nimemwambia asinirekebishe.

Kazi ya fundi ilinishangaza. Siku za mwanzo nilikuwaga nakwenda kumchungulia na birika mkononi, chai inapoa. Mtu mzima anachonga redio isiyoimba, jiko lisilowaka. Nikamuuliza ya nini. Akasema ni sampuli: kabla mashine ya kweli haijatengenezwa, watu washike hii ya mti, ionekane mkono unakwenda wapi, kidole kinatafuta nini. Basi na mie nikaanza kutazama vidole vya watu. Jaribuni, hamtaacha. Mwanangu Talha anafungua kila kitasa kwa kiwiko, sijui karithi wapi.

Sasa Anselmo kwao Newala, ukoo wa wachongaji. Kitu chake lazima king'ae. Ikaja kazi ya mashine ya kuuzia maji, ya kupelekwa Kimbiji. Akaichonga kwa mninga, vitufe laini kama shanga. Injinia Najma akawaita kina mama wa huko waijaribu. Wakabonyeza, wakasifu, wakanywa chai yangu, wakaondoka. Mashine ya kweli ilipofika Kimbiji, wakaikataa: kitufe kiko chini ya bomba, ukibonyeza, mkono wote wa baibui unalowa.

Najma akawauliza mbona hawakusema. Mama Mudathir, mmoja wao, akamjibu, tuliona, mwanangu, ila mtu kachonga vile, utaanzaje kumwambia kakosea? Sie tuna adabu.

Wenye mashine wakasema tukikosea tena, kazi wanaipeleka kwingine. Najma akamwomba fundi atengeneze nyingine kwa maboksi na gundi, vizibo vya soda ndo viwe vitufe, na asiipambe. Ilimuuma. Chai hakunywa, na kwangu asiyekunywa chai ni mgonjwa. Mtoto wa wachongaji aite watu waje kutazama takataka? Lakini akaitengeneza, mbaya, imeegemea upande.

Kina mama wakarudi. Safari hii hakuna aliyeionea haya. Mama Mudathir akasema aliyetengeneza hii, ndoo anaisikia redioni tu. Akakibandua kizibo mwenyewe, akawa anatafuta pa kukiweka, juu pembeni. Fundi akamsogezea gundi.

Mashine iliyotoka hapo ipo Kimbiji mpaka leo, watu wanateka mkono mkavu. Na tangu siku hiyo maboksi yote ya stoo akayakomba yeye. Hata la majani ya chai alininyang'anya halijaisha.

Asante, fundi, kwa kukubali kuonekana hujui kuchonga ili sie tuseme kweli. Nasikia kwako Bunju umeshaweka gogo la mpingo uani. Chonga upendavyo, ling'arishe mpaka ujione. Tutakuja kutazama, tutalisifia, na mara hii utuamini. Mungu akupe uzee wa raha, wewe na wa kwako.